Matokeo ya uchunguzi shuleni yarudi Bendera, majina ya watoto yabaki siri

Bendera, eneo la Kalemie – Wazazi waliopitia kambi za wahami wa vita kandokando ya Kalemie wanaijua hali hii vizuri. Mgeni anafika na tablete mkononi, anasalimia mkuu wa kambi, anaketi na mtoto chini ya mwembe au kwenye benchi la darasa. Anampa karatasi yenye herufi na maneno, anaangalia saa, mtoto anasoma. Kisha yanafuata maswali. Shule mliyoikimbia iliitwaje? Ilichomwa au bado inasimama? Umekosa masomo miezi mingapi? Baba yuko wapi? Nani analipa daftari? Mgeni anaandika yote, anashukuru, anapanda pikipiki, anaondoka.

Mama anabaki na swali moja tu: mtoto wangu anajua kusoma, ao hajui? Aliyekuja kupima analo jibu. Mama hana. Direkta wa shule hana. Mwalimu atakayeingia darasani kesho asubuhi na mtoto huyo huyo naye hana.

Watu wa Bendera hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Umeme unatengenezwa hapa, kwa maji ya mto Kyimbi, na nyaya zinaupeleka hadi mjini Kalemie. Mtu anayeishi chini ya nyaya anajua ni kitu gani kuona mali ikizaliwa kwake na kutumika mbali. Habari za watoto shuleni zinafuata njia ile ile. Zinatoka vijijini na kambini, zinapita Kalemie, zinafika Kinshasa, Nairobi, Geneva, Washington. Huko zinakuwa ripoti. Ripoti hairudi.

Ni wakati jambo hilo libadilike. Uchunguzi wowote unaofanywa juu ya masomo ya watoto wa Bendera na ya wahami waliopokelewa hapa unapaswa kurudisha matokeo yake hapa, kwa Kiswahili, na kwa njia ambayo mzazi asiye na intaneti anaweza kuipata. Na wakati huo huo, jina la mtoto na kila kitu kinachoweza kumtambulisha kibaki kimefungwa. Madai hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayedai moja na kusahau jingine anawakosea watoto.

Kinachokusanywa ni nini

Si mashirika yote yanayofanya kazi moja. Wizara ya elimu inakusanya hesabu za shule kila mwaka: madarasa, walimu, wanafunzi wa kike na wa kiume. UNICEF na taasisi ya takwimu ya taifa walifanya uchunguzi mkubwa wa familia nchini kote mwaka 2017 na 2018, unaojulikana kama MICS. Mwaka 2019 Congo ilishiriki katika PASEC, mtihani unaolinganisha wanafunzi wa nchi zinazotumia Kifaransa. Na kuna kile kipimo cha kusoma kinachoitwa EGRA, kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa fedha za Marekani: mtoto anasoma kwa sauti kwa dakika moja, mpimaji anahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa.

Watafiti wa vyuo vikuu nao wanakuja. Miaka ya 2010, shirika la IRC pamoja na Chuo Kikuu cha New York walipima katika shule za mashariki mwa Congo kama kuwakutanisha walimu kwa vikundi, wasaidiane na kupeana moyo, kunasaidia watoto wa maeneo ya vita kusoma na kuhesabu. Lilikuwa swali zuri, ambalo mwalimu yeyote wa Bendera angependa kusikia jibu lake. Majibu yalitoka mwaka 2017, kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu.

Hakuna ubaya katika kazi hizo zenyewe. Bila hesabu, hakuna anayeweza kuonyesha kwamba shule haina paa ao kwamba mwalimu anafundisha miaka mingi bila mshahara. Walimu wanaoitwa NU, wale ambao serikali haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara, wanajua hasara ya kutohesabiwa. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 43, watoto waliongezeka madarasani, na hesabu sahihi ikawa na uzito zaidi.

Tatizo ni kwamba hesabu inakwenda upande mmoja tu.

Mlango ulio wazi kwa nani?

Watafiti wengi watajibu kwamba matokeo yako wazi tayari. Wana haki kwa sehemu. Tangu tamko la Budapest la mwaka 2002, wanasayansi wengi duniani wamepigania maandishi ya utafiti yasomwe bila malipo. Benki ya Dunia ilipitisha kanuni yake ya kufungua machapisho mwaka 2012. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya OCHA ilifungua mwaka 2014 jukwaa linaloitwa HDX, ambapo mtu anaweza kupata takwimu za nchi zenye vita na majanga. Na Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilikubaliana juu ya sayansi iliyo wazi, inayowafikia hata watu wasio wanasayansi.

Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini aulizwe mama aliyetoka Fizi na watoto wanne, anayeishi Bendera kwa jamaa: mlango huo uko wazi kwake? Ili aufikie anahitaji simu kubwa, vifurushi vya intaneti, mtandao usiokatika, Kifaransa ao Kiingereza cha ofisini, na mtu wa kumsomea majedwali. Mlango ulio wazi ng'ambo ya ziwa, kwa asiye na mtumbwi, ni sawa na uliofungwa.

Hata takwimu zenyewe, zikifika, mara nyingi hazisemi habari za hapa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliandika kwamba nchini Congo watoto 97 kwa mia wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi. Ni hesabu ya kutisha. Ingetangazwa redioni, kila mzazi angesimama na kuuliza. Lakini ni hesabu ya nchi nzima. Haimwambii direkta wa Bendera kama watoto wake wanakwama kwenye herufi, kwenye maneno, ao kwenye kuelewa walichosoma. Na mwalimu hawezi kurekebisha "97 kwa mia". Anaweza kurekebisha jambo moja: watoto wa darasa la tatu wanachanganya silabi.

Jibu la namna hiyo lipo mara nyingi, ndani ya tablete ya yule mgeni. Linapotea njiani, kwa sababu huko juu yanahitajika majibu ya jimbo na ya nchi, na hakuna aliyepewa kazi ya kuliacha kijijini.

Wengine wamefanya

Anayesema haiwezekani atazame jirani. Mwaka 2009 kazi inayoitwa Uwezo ilianza Kenya, Tanzania na Uganda, ikifuata mfano wa India. Haikungoja watoto shuleni tu. Watu wa kujitolea walitoka katika jamii zenyewe, wakapita nyumba kwa nyumba, wakampa kila mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu ndogo. Mtoto alipimwa mbele ya nyumba yao, na mzazi aliambiwa hapo hapo mtoto wake amefika wapi. Baada ya hapo ndipo hesabu zilikusanywa, zikachapishwa wilaya kwa wilaya, na watafiti wakaruhusiwa kuzitumia. Baadaye Uwezo ya Uganda ilipima pia watoto katika maeneo ya wakimbizi, katika nchi ambayo Wakongo wengi wamekimbilia.

Wapo waliosema kwamba kumwambia mzazi peke yake hakubadilishi shule. Ni kweli, mzazi aliyeambiwa hana fimbo ya kuleta mwalimu. Lakini mzazi asiyeambiwa hana hata swali la kupeleka kwenye mkutano wa komite ya wazazi. Uwezo ilionyesha jambo dogo lakini la lazima: mtoto aliyepimwa na mzazi aliyempa ruhusa wanastahili kuwa wa kwanza kujua, si wa mwisho.

Orodha inaweza kuua

Hapa ndipo upande wa pili wa madai unapoanza, na wahami wa vita wanauelewa kuliko mtafiti yeyote.

Jimbo la Tanganyika limepita kwenye moto. Tangu 2013 mapigano kati ya vikundi vya Watwa na vya Waluba yalichoma vijiji na shule. Kufikia 2017 watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wameyahama makwao katika jimbo hili, na Oktoba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, katika ngazi ya juu kabisa ya dharura. Familia zilijaa Katanyika, Kalunga, Kikumbe na kambi nyingine za Kalemie. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, wengine wakatelemka tena kutoka Kivu, kwa barabara na kwa ziwa.

Katika nchi ya namna hiyo, karatasi yenye jina la mtoto, kabila lake, kijiji alichotoka na mahali analala sasa si karatasi ya kawaida. Ikiangukia mkono mbaya, inaonyesha nyumba. Msichana aliyemwambia mpimaji kwamba alishikwa njiani, mvulana aliyesema kwamba alibeba silaha kabla ya kurudi darasani: siri zao zikitoka, aibu na hatari zinawafuata miaka yote.

Kufuta jina hakutoshi. Bendera si Kinshasa. Ukiandika kwenye jedwali "msichana Mtwa, miaka 14, darasa la tano, shule fulani", kila mtu kijijini anajua ni nani, hata kama jina halipo. Ndiyo sababu wanaofanya kazi hii vizuri wanaunganisha vijiji vidogo, wanataja umri kwa makundi, na wanaficha mstari wowote wenye watoto wachache. Hata jukwaa la HDX linakagua takwimu za mtu mmoja mmoja kabla ya kuziweka wazi, ili kuona kama kuna anayeweza kutambuliwa.

Sheria nazo zipo. Kodi ya mambo ya dijitali ya Congo, iliyosainiwa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Watwa na ndugu zao kama wenyeji wa asili. Na tangu 2019 watu wa asili wa nchi mbalimbali wametoa kanuni zinazoitwa CARE, zinazosema kwamba takwimu za jamii zinapaswa kuifaidia jamii hiyo, na kwamba jamii iwe na neno juu ya matumizi yake. Sheria haimfikii mtoto yenyewe. Inafika pale mtu wa kijiji anapoitaja mbele ya mgeni.

Basi kinachotakiwa kufunguliwa ni matokeo: shule ngapi, watoto wangapi, wanakwama wapi, kitu gani kimesaidia. Kinachotakiwa kufungwa ni mtu. Shirika linalokataa kutoa matokeo kwa kisingizio cha siri linachanganya vitu viwili. Na shirika linalotupa kila kitu kwenye intaneti kwa jina la uwazi linachanganya vitu vile vile, upande wa pili.

Kilichowekwa mbali kinaweza kupotea

Kuna sababu nyingine ya kutaka nakala ibaki nyumbani. Kwa miaka mingi ripoti nyingi za elimu ya nchi maskini, pamoja na vipimo vya kusoma, zilihifadhiwa na USAID ya Marekani. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje. Katika wiki chache tovuti ya USAID ilizimwa, na mpango wa DHS, uliokusanya takwimu za familia katika nchi nyingi, Congo ikiwa ndani, ulisimamishwa. Watafiti duniani walikimbia kunakili walichoweza kuokoa.

Mtoto wa Tanganyika hakuwa na sehemu katika siasa hiyo. Lakini majibu yake yalikuwa ndani ya sanduku ambalo mtu mwingine alishika ufunguo. Kama kila uchunguzi ungeacha nakala ya matokeo kwenye ofisi ya elimu ya jimbo na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kalemie, kuzimwa kwa mashine mbali kusingefuta kumbukumbu ya hapa.

Na haki inataka Wakongo nao wajitazame. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya juu wanaandika TFC na memwari juu ya shule, walimu na watoto wa jimbo hili. Wanapita kijijini na maswali yao, wanatetea kazi, wanapata diploma, na karatasi inaingia kwenye rafu kula vumbi. Mwalimu aliyewajibu hapati hata ukurasa mmoja. Hatuwezi kumlaumu mzungu kwa kosa ambalo mtoto wa nyumbani analifanya pia.

"Watu hawataelewa"

Kuna anayesema kwamba kurudisha matokeo ni gharama na kwamba watu wa kijijini hawataelewa. Gharama ipo, lakini nusu saa ya redio ya jamii na karatasi moja ukutani ni kidogo sana mbele ya gharama ya magari, wapimaji na hoteli. Kuhusu kuelewa, watu wanaopima mihogo kwa kopo na kuhesabu deni la mwaka mzima kichwani wanaelewa vizuri maneno haya: "Kati ya watoto kumi wa darasa la nne, wanne tu walisoma hadithi hadi mwisho."

Kuna pia hasara ambayo watafiti wenyewe wanaipata, ingawa mara nyingi hawaisemi. Mtu aliyehesabiwa mara tano bila kuona kitu anachoka. Anajibu haraka ili mgeni aondoke. Mwingine anaongeza idadi ya watoto kwa sababu anadhani kila hesabu ni orodha ya msaada. Mwingine anaficha mtoto wake kwa hofu. Ndivyo takwimu zinavyoharibika kutoka kwenye mzizi. Mahali ambapo majibu yanarudi, watu wanajua hesabu ni ya nini, na wanasema kweli. Kurudisha matokeo si zawadi tu kwa kijiji, ni njia ya kupata takwimu safi.

Cha kufanya hapa

Bendera haiwezi kuamuru Geneva. Lakini inaweza kuamua namna mlango wake unavyofunguliwa. Chefu wa kijiji, viongozi wa wahami, madirekta na komite za wazazi wanaweza kukubaliana juu ya maswali matano, na mgeni yeyote wa uchunguzi ayajibu kabla mtoto hajafungua kinywa: Unatumwa na nani? Unataka kujua nini? Matokeo utayarudisha lini na kwa lugha gani? Nani ataona majina, na utayaharibu lini? Mzazi akikataa, atapoteza kitu?

Jibu la swali la mwisho lazima liwe "hapana", na lisemwe kwa sauti ili kila mtu asikie. Mhami hapaswi kuogopa kwamba kukataa maswali kutamfutia jina kwenye orodha ya chakula.

Baada ya hapo, kazi inabaki ndogo. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi ibandikwe kwenye ukuta wa shule. Nakala moja ibaki kwa direkta. Nusu saa redioni, pamoja na mwalimu mmoja na mzazi mmoja wa kuuliza, na pale inapowezekana maneno machache kwa Kibembe, Kitabwa ao Kiluba kwa wazee wasiosikia Kiswahili vizuri. Na ofisi ya elimu ya jimbo inapotoa ruhusa ya uchunguzi, iandike hayo kama sharti, si kama ombi.

Mama aliyeuliza chini ya mwembe hakuomba kitu kikubwa. Hakuomba mchele wala turubai. Aliuliza kama mtoto wake anajua kusoma. Aliyempima mtoto huyo na kuondoka bila kujibu ana deni Bendera, hata kama ripoti yake imesifiwa sana huko ilikosomwa.